Kabla ya Kupiga Dairekti

Pampu inayozima yenyewe huwa na saa zake. Ukikaa karibu nayo ukatega sikio, utagundua kwamba haizimi ovyo. Inawaka, inavuta maji vizuri, inavuma kwa sauti moja, kisha kabla ya nusu saa kwisha unasikia tak, halafu kimya. Usipoigusa itatulia dakika ishirini, siku ya jua kali hata arobaini, halafu itawaka tena bila mtu kubonyeza chochote. Hiyo ni habari ya joto. Ikiguna sekunde mbili tatu bila kuzunguka kisha ikakata, hiyo ni habari nyingine, na mara nyingi ni kapasita. Ikiangusha breka ya ukutani papo hapo inapowashwa, umeme unavuja mahali fulani, pengine maji yamepenya kwenye sili yakaingia ndani ya mota. Na ikizima jioni tu, saa ambazo mtaa mzima umewasha taa, televisheni na majiko, usiisumbue pampu. Nenda kapime umeme unaoingia. Fundi mwenye subira hupata nusu ya jibu kabla hajafungua skrubu hata moja.

Nimekuwa nikiliwaza jambo hili kwa sababu ya bwawa la kuogelea lililo nyuma ya hoteli moja ndogo hapa Kalangalala, katikati ya mji wa Geita. Bwawa lenyewe si kubwa: mita 10 kwa 5, kina cha wastani mita 1.4, yaani lita 70,000 za maji. Wapo watakaouliza kuna haja gani ya kuhangaikia bwawa la starehe katika mji ambao akina mama bado wanapanga ndoo kusubiri maji ya bomba. Swali hilo ni la haki na silipuuzi. Lakini sisi ni watu wa kando ya Ziwa Viktoria, na wengi wetu hatujui kuogelea. Tulizika mamia ya watu MV Bukoba ilipozama Mei 1996, tukazika tena zaidi ya 200 MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara Septemba 2018. Mtoto akienda kujifunzia ziwani, kwenye maji mafupi yenye majani, kuna hatari arudi nyumbani na kichocho. Kwa hiyo Jumamosi nikiwaona watoto wa mtaani wameshika ukingo wa bwawa lile, wanapiga miguu na kufundishwa kutoa pumzi ndani ya maji, mimi sioni starehe. Naona kitu ambacho kila mtoto wa mkoa wenye ziwa alistahili kukipata shuleni.

Ili wayatumie, maji hayo lazima yazunguke. Pampu huyavuta, huyapitisha kwenye chujio la mchanga na kuyarudisha, na kazi hiyo hutakiwa kuyamaliza maji yote kwa muda wa saa nane hivi, kila siku. Pampu ikilala siku mbili kwenye jua la huku, klorini inaisha nguvu, maji yanageuka kijani, sakafu inaanza kuteleza, na mlango unafungwa kwa kufuli.

Pampu ya bwawa lile ilipoanza kuzima yenyewe, mafundi walikuja. Wa kwanza alibadilisha kapasita. Wa pili alibadilisha sili na beringi. Pampu ikaendelea kuzima vilevile. Wa tatu akasema maneno ambayo mwenye mashine yeyote Geita amewahi kuambiwa: "Mama, hii tuipige dairekti tu, haitazima tena."

Kupiga dairekti ni kukiruka kile kidude kidogo kinachokata umeme, ukaunga waya kwa waya. Na fundi yule hakuwa anadanganya. Ukiipiga dairekti, pampu haitazima tena, mpaka siku itakapoungua.

Kidude chenyewe ni kisahani chembamba cha metali mbili zilizoshikamanishwa, kila moja ikitanuka kwa kiasi chake ikipata joto. Joto likifika kikomo, kisahani hubinuka ghafla upande wa pili na njia ya umeme ikakatika. Kikipoa kinabinuka kurudi, umeme unapita. Kilibuniwa na Mmarekani John Spencer, ambaye alipokuwa kijana huko Maine alikuwa akichochea boila ya kiwanda usiku. Aliona kwamba kimlango cha chuma cha boila kilikuwa kikibinuka kwa kishindo moto ulipopanda, na kubinuka tena moto uliposhuka. Akawa anakitegemea kimwamshe: akisikia kishindo anajua ni wakati wa kuongeza kuni. Baadaye akakigeuza kishindo kile kuwa kifaa, na kufikia miaka ya 1920 alikuwa na hataza na kampuni ya kukitengeneza. Leo vizazi vya kisahani hicho vimo ndani ya pasi, friji, birika za umeme na mota za kila namna. Kimetoka kwa mtu aliyetaka kuamshwa. Hilo linanigusa kila nikiona waya umeungwa juu yake ili kisimwamshe mtu.

Sisemi hivi kwa kuwalaumu mafundi wa mtaani. Fundi anaitwa mashine ikiwa imeshasimama, mwenye mali amesimama pembeni na hasira zake, wateja wanalalamika, na kila mtu anataka kusikia mvumo tena. Katika hali hiyo kinachokata umeme kinaonekana ndicho mkorofi. Pampu ni nzima, umeme upo, maji yapo, kilichobaki ni hiki kinachokatakata, basi kiondolewe. Mantiki yake imenyooka, na kwa wiki chache hata matokeo yake ni mazuri. Ndiyo maana haifi.

Fundi aliyekuja mwisho amekulia kwenye maduara ya Nyarugusu, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, alikokuwa akitengeneza pampu za kutoa maji kabla hajahamia mjini. Hakufungua mfuko wake wa spana. Aliomba kiti. Mwenye hoteli hakupendezwa.

"Fundi, nimekuita utengeneze, wewe unakaa?"

"Nakaa nayo, mama. Nataka nione inazimaje."

Akaiwasha, akaweka saa kwenye simu, akafungua taya za klampu mita akaukumbatisha waya mmoja. Kibati cha mota kilionyesha kilowati 1.1, volti 230, ampia 7.2. Mita ilisoma 8.4.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu namba hiyo moja ilifanya kazi ambayo vifaa vitatu vipya havikuifanya. Pampu ya bwawa ina impela, gurudumu lenye mapezi linalozunguka na kuyarusha maji nje. Wengi hudhani njia ya maji ikiziba, mota inaelemewa. Ni kinyume chake. Fundi aliiendea valvu ya kutolea maji akaifunga nusu. Mama akashtuka, akidhani sasa ndiyo anaimaliza kabisa. Namba kwenye mita zikaanza kushuka: 7.9, 7.1, 6.5. Maji yanayorushwa yamepungua, kazi imepungua, mota inavuta umeme kidogo. Akaifungua tena, namba zikapanda. Kwa hiyo kikapu cha kunasa takataka kikijaa majani ya mwembe, au mchanga wa chujio ukigandamana, au bomba la kuvutia likinyonya hewa, ampia hushuka chini ya zile za kibati. Pampu inaweza kufa hata hivyo, maana maji machache yaliyobaki ndani yanapata moto na sili inaungua, lakini kinachoiua si mzigo. Zikisoma juu ya kibati, ndipo unatafuta vitu vingine: umeme mdogo, beringi iliyokauka, impela inayokwaruza, koili zilizoanza kugusana. Wale waliotangulia walikuwa na mikono mizuri; sili yao ilikuwa imekaa sawasawa, haitoi hata tone. Hawakuwa wameuliza namba.

Baada ya hapo alipima volti. Kwenye mita ya luku, 221. Kwenye pampu yenyewe, ikiwa inafanya kazi, 201. Volti 20 zilikuwa zinapotelea njiani. Mota kama hii huvumilia upungufu wa asilimia kumi hivi, yaani mpaka 207, na ilikuwa imeshapita hapo. Umeme ukishuka, mtu angetarajia mota ipunguze mwendo ipumzike. Haifanyi hivyo, kwa sababu mzigo wa maji ni uleule. Inachofanya ni kuvuta ampia zaidi ili ifikishe kazi ileile. Na joto la koili halipandi sambamba na ampia, linapanda kwa kipeo cha pili. Kutoka 7.2 hadi 8.4 panaonekana padogo, lakini joto limeongezeka kwa zaidi ya theluthi.

Waya ulikuwa wa milimita 1.5, umetembea mita 60 kutoka ukutani, ukapita chini ya tofali, ukaungwa njiani kwa tepu. Shaba nyembamba kiasi hicho, kwenda na kurudi mita 120, ina ukinzani wa karibu omu moja na nusu, na hizo peke yake zinakula volti 12. Nane zilizobaki zilikuwa zinaliwa kwenye maungio. Fundi alipoivua tepu moja, plastiki ya waya ilikuwa imelainika na kuwa ya kahawia, imenata kwenye shaba, na harufu yake ikajaa kibandani. Maungio hayo, kila moja dogo kama kidole, kwa jumla yalikuwa yanatoa joto la taa ya wati 60, saa zote ambazo pampu inafanya kazi, chini ya tofali, hatua chache kutoka kwenye maji ya watoto. Na huo ni mwendo wa kawaida. Mota ikiwaka huvuta ampia mara tano au sita ya zile za kibati kwa muda mfupi, kwa hiyo kila mara kisahani kilipopoa na kuirudisha, waya ule ulipigwa upya.

Kibanda nacho kilikuwa na lake. Ni cha bati juu na ubavuni, hakina tundu, mlango una komeo mbili. Sababu yake ni ya kweli: pampu zinaibwa. Lakini feni iliyo mkiani mwa mota ilikuwa inazungusha hewa ileile ya moto tangu asubuhi, na vumbi letu jekundu lilikuwa limefunga mapezi ya mota kama plasta. Kuna jambo jingine ambalo muuza pampu huwa hamwambii mnunuzi. Viwango vya kimataifa vinapima mota za umeme kwa hewa isiyozidi nyuzi 40 na mwinuko usiozidi mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Viktoria peke yake uko mita 1,134, na Geita iko juu ya ziwa. Hewa ya huku ni nyepesi, inapooza kidogo kuliko ya Dar es Salaam au Tanga. Tofauti ni ndogo na peke yake isingemzimia mtu pampu. Ndani ya kibanda cha bati saa nane mchana, ni lazima uihesabu.

Wahandisi wana kanuni ya zamani, iliyotokana na kazi ya Montsinger mwaka 1930 kuhusu transfoma: kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya kiwango, umri wa insulesheni ya koili hupungua kwa nusu hivi. Ukiikumbuka kanuni hiyo, dairekti inapata sura yake kamili. Kile kisahani hakikuwa kinaizuia pampu kufanya kazi. Kilikuwa kinailinda miaka yake. Umeme mdogo, waya mwembamba, maungio mabovu, kibanda kisicho na hewa, vumbi: kila kimoja pampu ingekivumilia. Vilipojumlishwa, kisahani kilifika kikomo, na kikafanya kilichoundwa kufanya, tena na tena, wakati watu wanabadilisha vitu vizima upande wa pili.

Galileo ana kisa kimoja kuhusu pampu, na sikijui kingine kinacholikaribia jambo hili. Katika kitabu chake kilichochapishwa Leiden mwaka 1638, mmoja wa wazungumzaji, Sagredo, anasimulia habari ya kisima chenye pampu ya kuvuta. Maji yakiwa juu ya kiwango fulani, pampu inafanya kazi bila shida. Yakishuka chini yake, inakataa. Sagredo alidhani imeharibika, akamwita fundi. Fundi akamwambia pampu ni nzima, tatizo ni maji: yameshuka mno, na hakuna pampu ya kuvuta, kubwa au ndogo, itakayoyapandisha zaidi ya dhiraa 18. Galileo mwenyewe alijaribu kueleza sababu na hakuipata. Alidhani mhimili wa maji hukatika kwa uzito wake kama kamba ndefu. Mwanafunzi wake Torricelli ndiye aliyeeleza mwaka 1644 kwamba maji hayavutwi kabisa, yanasukumwa na uzito wa hewa iliyo juu yetu sote, na uzito huo una mwisho. Kwenye usawa wa bahari mwisho wake ni kama mita 10.3 za maji. Miaka minne baadaye, kwa ombi la Pascal, shemeji yake Périer akapanda na zebaki mlima Puy de Dôme huko Ufaransa, akaonyesha kwamba ukipanda juu uzito huo unapungua. Kwetu Geita umebaki kama mita 9, na kwa pampu halisi, yenye mabomba na kona zake, usitegemee zaidi ya sita au saba.

Ninachokiona katika kisa hicho ni yule fundi asiye na jina. Alikuwa anajua kikomo kabla ya wanazuoni kujua sababu yake. Aliitwa kutengeneza, akajibu kwamba hakuna cha kutengeneza, na angeweza kabisa kubadilisha ngozi ya pistoni, akapokea ujira wake akaenda zake. Elimu yote ya uzito wa hewa, na baromita tunazotabiria mvua, ina deni kwa mtu aliyeiangalia pampu inayokataa akakubali kwamba inasema kweli.

Na ukomo huo bado unawasumbua watu wetu. Wapo wanaonunua pampu ya kuvuta, wakaiweka juu ya kisima cha mita 12, na mwezi mzima wanabadilisha valvu ya mguuni wakidhani ndiyo inayovuja. Upande wa bwawa la kuogelea jambo hujitokeza kwa sura nyingine: oringi ya kifuniko cha kikapu ikipasuka, pampu inanyonya hewa badala ya maji, kama mtu anayekunywa soda kwa mrija wenye tundu. Angalia kifuniko kile cha kioo. Vipovu vikicheza ndani yake muda wote, hata kama huoni maji yakivuja, hewa inaingia.

Waya ulinunuliwa wa milimita 4, mzima, bila ungio. Bati la kibanda lilikatwa madirisha mawili, moja chini na moja juu, yakawekwa wavu wa chuma wa kuzuia mikono. Mota ilisafishwa vumbi. Volti kwenye pampu zikapanda hadi 215, ampia zikashuka karibu kabisa na za kibati, na pampu ikamaliza saa zake. Pembeni ya breka ya kawaida fundi aliongeza kifaa kinachokata umeme unapovuja kwenda ardhini kwa miliampia 30 tu, kiasi ambacho mwili wa mtu aliye majini bado unaweza kunusurika nacho. Alisema hicho hatakubali mtu akiguse, na kama mama atampa fundi mwingine akiondoe, asimwite tena.

Ugomvi ulikuja kwenye malipo.

"Kwenye pampu hujabadilisha kitu, baba. Nakulipa ya nini?"

"Nimebadilisha waya, mama."

Akaandika ufundi wote kwenye gharama ya waya, mama akalipa bila neno. Sitamlaumu mama, wale wawili wa kwanza walimwonyesha kapasita mkononi, wakamwonyesha beringi ya zamani, na kwa macho yake hao ndio waliofanya kazi. Lakini nadhani hapa ndipo dairekti inapozaliwa. Soko letu linalipa kitu kinachoshikika. Mtu aliyekaa kwenye kiti akasoma mita hana cha kumwonyesha mwenye mali, kwa hiyo hujifunza kuificha akili yake ndani ya kipuri, au huacha kuitumia kabisa. Na vipuri vinazidi kuwa rahisi kupatikana. Zamani kifaa cha Mwanza kilikuwa kikisubiri kivuko pale Kigongo, kikisubiri kwenye foleni, na fundi wa Geita alikuwa na siku nzima ya kujiuliza kama kweli anakihitaji. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, magari yanavuka ziwa bila kusimama. Nalifurahia daraja lile kwa moyo wote, kwa wagonjwa wanaokimbizwa hospitali ya Bugando kwanza. Ila nimeona pia jinsi wepesi wa kupata kipuri unavyopunguza saa za kufikiri.

Hotelini, gharama ya kutofikiri ni mota moja. Kwenye duara ni watu.

Pampu na mgodi ni ndugu tangu zamani. Mtambo wa mvuke wa Newcomen wa mwaka 1712, uliofungua zama za mashine, ulijengwa kwa ajili ya kutoa maji mgodini. Hapa kwetu, Wajerumani waliikuta dhahabu ya Geita mwaka 1898. Mgodi wa chini ya ardhi uliofunguliwa miaka ya 1930 ulifanya kazi mpaka 1966 ukafungwa. Na mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Migodi ya namna hiyo ina idara nzima ya maji, ina pampu zaidi ya moja kila kituo, na pampu ikikata kuna mtu ambaye kazi yake ni kuuliza kwa nini. Kwenye maduara ya Mgusu, Rwamagasa na Nyarugusu, mara nyingi pampu ni moja, imening'inizwa kwa kamba, waya wake umeungwa kila hatua kadiri shimo linavyoshuka, na watu wako chini wanafuata mwamba. Pale kisahani kikikata, maji hayasubiri dakika ishirini kipoe. Yanapanda. Fundi wangu anasema huko hakuna anayempa kiti. Mwenye duara amekopa fedha za mafuta na chakula cha vijana, mawe mazuri yameanza kuonekana, na sauti ya kila mtu ni moja tu: iwake. Anapiga dairekti. Halafu waya wenye maungio ya tepu unaingia kwenye maji ambayo vijana wamesimama ndani yake hadi magotini, na kinachokata umeme unapovuja, kama kiliwahi kuwepo, kimeondolewa wiki nyingi zilizopita kwa sababu kilikuwa kinasumbua.

Tunahesabu sana wanaofukiwa na vifusi. Mwaka 2015 nchi nzima ilishangaa Nyangarata, Kahama, walipotolewa wakiwa hai wachimbaji watano baada ya siku 41 ardhini. Ilikuwa habari ya dunia, na ilistahili. Waya unaovuja ndani ya duara hauwapi watu siku 41. Haukusanyi waandishi juu ya shimo.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mafundi wa maduara wanahitaji elimu tu. Huyu niliyemwona anaelewa ampia na volti kuliko wengi wenye vyeti, na bado anakiri kwamba Nyarugusu alikuwa akipiga dairekti kama wenzake. Maarifa yaleyale, mikono ileile. Kilichobadilika ni kwamba Kalangalala pampu iliweza kusimama mchana mmoja bila mtu kuzama. Muda wa kupima una bei yake, na kwenye duara lazima mtu aununue mapema, kabla maji hayajapanda.

Nilimuuliza, kama chama cha wachimbaji au halmashauri wangetaka kuwasaidia mafundi wa huko, waanze na nini. Nilidhani atataja mita, au mafunzo, au waya mzuri. Alisema pampu ya pili, iwe moja kwa maduara kadhaa ya jirani, ikae juu tayari, na asiitumie mtu kwa kazi nyingine. Kisha akaongeza kwamba hiyo peke yake haitoshi. Anatakiwa pia mtu mmoja juu ya shimo, asiyekuwa mwenye duara wala asiyemdai mwenye duara, mwenye ruhusa ya kusema pampu imekata, watu wote watoke, na akisema, watoke.